Kengele ya Joto Katika Nyumba za Betri, na Namna ya Kuijaribu Bila ya Kuleta Balaa

Wanachama wetu walio wengi hawana haja ya kufundishwa kwamba kitu chaweza kujitia joto chenyewe. Mtu akirundika karafuu mbichi, gunia juu ya gunia, akachelewa kuzianika, asubuhi akitia mkono katikati ya rundo huona vuguvugu latoka ndani ilhali juu ni baridi. Hakuna aliyewasha moto. Karafuu zimejipasha wenyewe, na zikiachwa hivyo zitakuwa mpeta, na bei ya mpeta twaijua sote.

Betri kubwa za lithiamu, zile zinazowekewa umeme mchana ili utumike usiku, zina tabia iliyo karibu na hiyo, illa mwisho wake si bei mbaya. Betri hizo zimejengwa kwa seli ndogo ndogo zilizopangwa kwa mamia na maelfu. Seli moja ikiumia, kwa kutiwa umeme kupita kiasi, au kwa kugongwa, au kwa ila iliyotoka nayo kiwandani, huanza kupata joto kwa ndani. Joto likifika kiasi cha nyuzi 80 mpaka 120 za Selsiasi, vitu vilivyomo ndani yake huanza kuvunjika, na kule kuvunjika huzaa joto jengine, na joto hilo huzidi kuvunja. Ikisha kufika hapo, kuizima swichi hakusaidii kitu, kwani moto hautoki katika waya. Watoka katika seli yenyewe. Kisha seli ya pili hupashwa na ya kwanza, na ya tatu na ya pili.

Huenda mwanachama akauliza, sisi na hayo tuna nini? Tuna kitu. Unguja yategemea umeme upitao chini ya bahari kutoka bara tangu mwaka 1980, na Pemba ilipata waya wake kutoka Tanga mwaka 2010. Waliokuwapo Unguja mwaka 2008, na tena kutoka Disemba 2009 mpaka Machi 2010, wanakumbuka kiza kilichokaa wiki kwa wiki pale umeme wa bara ulipokatika. Mtu aliyeonja kiza kile halaumiwi akitaka kuweka jua lake ndani ya betri. Basi betri zitazidi kuingia katika maghala na maduka na zahanati zetu, ndogo na kubwa. Na penye betri nyingi pana kengele ya moto, na penye kengele siku moja atakuja fundi kuijaribu. Makala haya ni juu ya siku hiyo, maana imeonekana katika nchi za wenzetu waliotangulia kwamba kengele yenyewe, isipotazamwa vyema, yaweza kuharibu mali iliyowekwa kuilinda.

Kwanza tueleze chombo. Kihisi joto ni kidude kidogo, kiasi cha kisahani, kinachofungwa darini. Hakioni moshi wala hakinusi. Kazi yake ni kungoja hewa inayokizunguka ifike joto maalumu, na lililo la kawaida ni nyuzi 57. Mahali penye joto jingi kwa desturi yake huwekwa cha nyuzi zaidi. Vyengine hutazama mwendo wa joto badala ya kiasi chake: hewa ikipanda kama nyuzi 8 katika dakika moja, hupiga kelele hata kama joto bado ni dogo. Pia kuna waya mrefu unaotandazwa juu ya makabati ya betri, nao una nyaya mbili zilizosokotwa pamoja na plastiki kati yao. Plastiki ikiyeyuka nyaya hugusana na kengele hulia.

Kihisi hakilii tu. Lau kingalikuwa kinalia tu, makala haya yasingekuwa na haja. Habari yake hupelekwa kwenye sanduku kuu la kengele, na sanduku hilo ndilo lenye mikono. Laweza kuzima viyoyozi, kukata betri isitoe wala isipokee umeme, kuwasha feni za kutoa hewa, kuwaita zimamoto, na, ambalo ndilo kubwa, kufungua mitungi ya gesi au mabomba ya maji yamwagikie betri. Fundi anayepandisha hewa moto kwenye kile kisahani cha darini huvuta uzi ambao mwisho wake umefungwa kwenye mambo yote hayo.

Sasa natuitazame nyumba ya betri ya Moss Landing. Mahali hapo ni katika ghuba ya Monterey, huko California, Marekani, penye kinu cha zamani cha umeme chenye mabomba mawili marefu ya moshi yaonekanayo kutoka mbali. Ndani ya jumba la zamani la mitambo palitiwa betri za lithiamu zenye nguvu ya megawati 300, na zilipowekwa zilihesabiwa miongoni mwa zilizo kubwa kabisa duniani. Kulikuwa na vyombo vinavyovuta hewa na kuipima moshi, na mabomba ya maji yaliyokuwa yakae matupu mpaka ihakikishwe kuwa pana hatari.

Tarehe 4 Septemba 2021 kengele ililia. Moto haukuwapo. Kampuni yenye nyumba ile, Vistra, ilipochunguza iliona kwamba beringi ya mashine ya kupitishia hewa ilikufa ikatoa moshi kidogo. Moshi ule haukupasa kuamsha maji, kwani ulikuwa chini ya kiasi kilichokusudiwa, lakini vyombo vilikuwa vimepangwa vibaya katika hesabu zao, basi maji yakaachiwa kuingia katika mabomba. Hapo tena ingalikuwa salama, lau viungo vya mabomba vingalikuwa vizima. Baadhi yake havikuwa. Maji yakavuja yakamwagikia betri, betri zikapiga shoti, shoti ikatoa moshi, na moshi ukaita maji mengine. Zilipohesabiwa, kiasi cha mia kwa saba ya betri za jumba lile zilikuwa zimeharibika.

Twaomba msomaji alikumbuke jambo hili kabla hatujaendelea. Hakuna betri iliyoanza kwa kuugua. Kilichougua ni beringi, na kilichofanya uharibifu ni ulinzi wenyewe. Na makosa yote mawili, la hesabu na la viungo, ni ya namna ambayo majaribio yaliyokamilika huyatafuta: kwamba kengele yalia kwa kiasi kile kilichoandikwa na si kwa kidogo zaidi, na kwamba bomba lililotiwa nguvu halivuji. (Jumba lile lile liliungua moto wa kweli tarehe 16 Januari 2025, na watu zaidi ya 1,000 wakahamishwa majumbani mwao; lakini hiyo ni hadithi mbali.)

Kwa hivyo kujaribu ni wajibu. Wamarekani wameiandika katika sheria namba 72 ya chama chao cha kuzuia moto, NFPA: vihisi joto vya kawaida, vile vinavyorudi katika hali yake baada ya kupoa, kila mwaka hujaribiwa viwili au zaidi katika kila njia ya waya, na mwaka unaofuata wengine, mpaka katika miaka 5 viwe vyote vimeonja joto. Vile visivyorudi, ambavyo ndani yake kuna madini yanayoyeyuka, havijaribiwi kwa joto hata kidogo, maana kukijaribu ni kukiua. Hivyo hutazamwa waya wake tu, na vikifika miaka 15 hubadilishwa, au huchukuliwa viwili katika kila mia vikapimwa nje. Jambo hili fundi mgeni hulisahau. Yafaa asome kilichoandikwa juu ya kisahani kabla ya kunyanyua kitu chochote cha moto. Na ule waya mrefu vile vile: ukiyeyushwa mahali umekufa mahali hapo, lazima ukatwe na kuungwa upya. Wenye busara huacha kipande cha waya huo kisandukuni mwishoni, nje ya makabati, pamoja na swichi ya kugusanisha nyaya mbili, na hapo ndipo panapojaribiwa.

Ama kwa vihisi vinavyoweza kujaribiwa kwa joto, neno la kwanza ni kwamba kiberiti, mshumaa, na moto wa gesi wa mafundi havina nafasi kabisa katika nyumba ya betri. Tumewahi kusikia mafundi wakijisifu kwamba wao hutumia kiberiti na kihisi hulia upesi. Hatuna shaka kwamba hulia. Betri inayougua hutoa hewa, na ndani ya hewa hiyo mna haidrojeni na kaboni monoksaidi na nyenginezo ziwakazo. Zikikusanyika katika chumba kilichofungwa, cheche moja yatosha. Chombo kilichofanywa kwa kazi hii ni kikombe kilicho mwisho wa mti mrefu, kinachofunika kihisi chote na kukipulizia hewa moto kwa nguvu ya betri yake ndogo, ili fundi asimame chini na hewa moto isitawanyike. Hata hicho, vingi vyake havikutengenezwa kwa mahali penye hewa ya kuripuka, na vimeandikwa hivyo. Mashine ya kukaushia nywele hutumiwa pia katika majumba ya kawaida, na hatuikatai huko. Katika kontena la betri, ambamo darini na betri hapana hata pima moja, twaikataa, maana hewa yake huenda kila upande, na kazi yetu ni kupasha kisahani, si kupasha betri.

Basi kabla ya joto lolote, hupimwa hewa. Fundi huja na mita ya kupimia gesi ziwakazo na kaboni monoksaidi, na huanza kuisoma kwa nje. Mita ikionyesha kitu, au pakisikika harufu tamu tamu kama ya rangi ya kucha, au betri yoyote ikiwa imevimba, majaribio hayapo siku hiyo. Mlango hufungwa ulivyokuwa, watu husogea mbali, na huitwa wenye betri na zimamoto.

Tumesema kuufunga mlango kwa sababu ya mambo yaliyopita Surprise, mji wa Arizona, tarehe 19 Aprili 2019. Hapo palikuwa na nyumba ndogo ya betri ya shirika la umeme la Arizona, yenye nguvu ya megawati 2. Jioni seli iliharibika, vyombo vikahisi moshi, na gesi ya kuzimia moto ikamwagwa kama ilivyotakiwa. Kila kengele ilifanya kazi yake. Lakini gesi ile huzima miali. Haizuii seli kuvunjika kwa ndani, na hewa mbaya iliendelea kutoka na kujaa chumbani. Kiasi cha saa tatu baadaye zimamoto walifungua mlango. Hewa safi ikaingia, na dakika chache tu hazijapita pakaripuka. Zimamoto wanne waliumia vibaya sana. Uchunguzi uliotolewa mwaka 2020 ulieleza, pamoja na mengine, kwamba hapakuwa na njia ya mtu aliye nje kujua hali ya hewa iliyokuwa ndani. Kihisi joto kilichonyamaza, kwa hivyo, si cheti cha salama. Katika betri hewa mbaya mara nyingi hutangulia na joto la chumba hufuata nyuma, na ndiyo sababu sisi hatumuungi mkono mtu yeyote anayetaka kuweka kihisi joto peke yake akaona amemaliza.

Hewa ikiwa safi, yafuata kukata mikono ya sanduku kuu, na hapa ndipo penye shina la kazi. Kukata kwa kubonyeza kompyuta hakutoshi. Kompyuta ya Moss Landing ilikuwa na yake. Fundi ashike kwa mkono: kichwa kinachofungua mtungi wa gesi kitolewe katika vali yake, au swichi ya kufuli ifungwe na ufunguo utiwe mfukoni mwa mtu mmoja anayejulikana, na vali ya maji ifungwe ionekane kwa macho. Kisha lile sanduku litazamwe kama limekubali na kuonyesha taa kwamba limekatwa. Likinyamaza kana kwamba hapana kilichotendeka, hapo pana ila, na ila hiyo itafutwe kwanza. Mahali pa kile kichwa kilichotolewa hutiwa taa ndogo au mita, ili kihisi kikilia ionekane kwamba amri ilifika mpaka mwisho wa waya. Fundi anayesikia kengele tu akaandika kuwa yote ni mazima amejaribu nusu ya kazi.

Tena waambiwe wote wanaopokea habari za kengele ile: wenye umeme, walinzi, zimamoto. Gari la zimamoto likija mbio kwa majaribio mara mbili, mara ya tatu huja polepole.

Lakini kumbuka kwamba tangu mikono ile ikatwe, nyumba imekuwa kama mtu aliyefungwa macho na mikono. Australia wameliona hilo. Huko Moorabool, karibu na Geelong katika jimbo la Victoria, palikuwa pakijengwa kituo cha betri zilizotiwa katika makabati makubwa 212 ya Tesla. Tarehe 30 Julai 2021, wakati wa majaribio ya mwanzo, kabati moja lilikuwa limefanya kazi saa 13, kisha halikuhitajiwa tena siku hiyo, likazimwa kwa swichi ya ufunguo. Swichi ile ilizima pia au ikapunguza vile vyombo vya kutazama makosa na vya kujilinda. Nazo habari zake zilikuwa hazijaunganishwa na watazamaji wa mbali, kwani kuunganishwa kulichukua saa 24. Maji ya kupozea yakavuja ndani, umeme ukaruka, na kabati likawaka. La pili lililo jirani likafuata. Zimamoto walikaa hapo zaidi ya siku tatu. Ashukuriwe Mungu hakuumia mtu. Baadaye kule kuunganishwa kulipunguzwa kutoka saa 24 hadi saa 1, na mafundi wakaambiwa wasiizoee swichi ile wakati wa majaribio.

Kwetu maana yake ni hii: kikatwe kile kinachojaribiwa tu, kwa muda wa kazi tu, na awepo mtu wa pili ambaye hana kazi nyengine illa kukaa nje akitazama, na simu mkononi. Ikifika saa ya chakula na kazi haijaisha, kila kitu hurudishwa kwanza, kisha ndipo watu wale. Twajua kwamba jambo hili huudhi. Hata hivyo betri haziendi kula.

Kuhusu joto lenyewe hatuna mengi. Mlango ubaki wazi, na fundi asimame pahali ambapo njia ya kutokea iko nyuma yake. Asiguse betri kwa ngazi ya chuma wala kwa mti wa chuma, kwani safu moja ya betri hizi huwa na volti mia kadhaa, na nyengine hupita 1,000, na volti hizo zimo ndani hata swichi zikiwa zimezimwa. Kikombe kipandishwe, kihisi kipashwe kwa muda ulioandikwa na mtengenezaji, na kikilia kiondolewe mara moja. Kisipolia katika muda huo, kisizidishiwe. Kihisi kigumu si cha kubembelezwa kwa moto zaidi, ni cha kubadilishwa. Wakati huo huo mtu aliye kwenye sanduku asome jina la kihisi kilicholia. Mara nyingine hulia cha kontena la tatu na sanduku likaandika la tano, kwa kuwa aliyefunga nyaya alichanganya. Siku ya moto wa kweli kosa hilo hupeleka maji na watu mahali pasipo na moto.

Kilichobaki ni kurudisha, na hapa mafundi wengi wazuri wameponzwa na haraka. Kihisi kikisha kulia, sanduku hushika ile amri na kuikumbuka mpaka liambiwe kusahau. Fundi akirudisha kichwa cha mtungi wakati amri bado imeshikwa, gesi humwagika papo hapo, naye amesimama mbele yake. Basi kihisi kiachwe kipoe, sanduku lirudishwe katika hali yake, taa zake zote za hatari ziwe zimezima, ile taa ndogo au mita iliyotiwa mahali pa kichwa ionyeshe kuwa hapana umeme katika waya ule. Hayo yakithibiti ndipo kichwa hurudi juu ya mtungi, vali ya maji hufunguliwa, na ufunguo hutoka mfukoni. Sanduku litazamwe mara ya mwisho kama ile taa ya kukatwa imezimika. Wenye betri na zimamoto waarifiwe kwamba majaribio yamekwisha na kengele yoyote kuanzia sasa ni ya kweli.

Kisha huandikwa kitabu: tarehe, majina ya waliokuwapo, ni vihisi vipi vilivyopashwa mwaka huu na vipi vinangoja mwakani, kila kimoja kilichukua muda gani kulia, na lipi lililoonekana baya. Kitabu hicho hutundikwa nje ya nyumba ya betri, katika kisanduku kisichoingia mvua, pamoja na mchoro wa mambo yaliyomo ndani na namba ya simu ya mwenye kujua, ili zimamoto wakija usiku wakisome bila ya kufungua mlango.